Chupa ya Chokaa Iliyoharibika Kalemie

Niliondoka Nyunzu kwenda Kalemie kutetea kazi yangu ya mwisho ya masomo, mara ya pili na ya mwisho. Ningeanguka tena, ninyi wanafunzi wangu mngebaki bila mwalimu wa kemia.

Kazi yenyewe ililinganisha njia za kukamata hewa ya ukaa kwenye mitambo ya umeme inayochoma gesi asilia: kuondoa kaboni kwenye gesi kabla haijachomwa, kuichoma kwa oksijeni tupu, au kupitisha moshi kwenye dawa ya maji inayoinyonya. Kuonyesha hiyo ya tatu nilibeba jiko dogo la gesi na chupa ya maji ya chokaa. Yakikamata ukaa, yanageuka meupe.

Njiani pikipiki iliruka mashimo, chupa ikamwagika nusu. Saa tisa alasiri ziwa likatokea, na mimi mtu wa bara nikasahau akili zote. Nilishuka nikajazia maji ya ziwa, nikicheka peke yangu. Hapohapo yakawa meupe kama maziwa, na jiko sijaliwasha. Dawa ya kuonyeshea ilikuwa imeharibika.

Jioni, Mama Esta, mwenyeji wangu anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alinisikiliza kisha akanionyesha ukoko mweupe ndani ya birika lake.

"Maji ya ziwa njo inafanya hivi. Mwalimu muzima hukujua?"

"Kwetu hakuna ziwa, Mama."

"Basi chukua ya mvua, iko mu pipa. Na ukule kwanza."

Nilikula, nikakoroga unga wa chokaa uliobaki mfukoni mwangu kwenye chupa nyingine ya maji ya mvua, nikaiacha itulie.

Asubuhi, mbele ya walimu watatu, nilivuta moshi wa jiko kwa bomba la sindano nikausukuma kwenye maji maangavu. Yakawa meupe. Furaha ilinijaa, lakini mkubwa wao hakutabasamu.

"Ubaya wa njia hii ni nini?"

Nikatoa ile chupa iliyoharibika. "Dawa ikishashiba haikamati tena, Papa Profesa. Hii ilishibia ziwani, kwa ukaa ulioyeyuka ndani ya maji yake. Kwenye mtambo lazima dawa ipashwe moto iachie ukaa, na moto huo unakula umeme. Ila mtambo uliokwisha kujengwa, njia hii ndiyo inaufaa. Zile nyingine zinataka kujenga karibu upya."

"Na ziwani ilifika namna gani?"

"Kwa furaha, Papa."

Wakacheka wote watatu, na nikafaulu. Niliporudi na habari, Mama Esta alicheza uwanjani kwake na birika mkononi.

Nimerudi Nyunzu. Kazi hiyo nilikuwa nimeikariri yote, lakini niliielewa siku nilipoiharibu. Chupa iko mezani kwangu darasani. Njooni muitazame kabla hamjanisifu.