Kutazama Ndege na Dada

Katika ukoo wetu mimi peke yangu ndiye ninayetazama ndege bila kuwatakia mabaya. Kwetu Mbekenyera, wilaya ya Ruangwa, ndege ni wa aina mbili: anayekula mtama wako, na anayefaa kuliwa yeye. Utotoni nilikaa na dada yangu mkubwa juu ya dungu shambani, tukipiga madebe na kurusha mawe kwa kombeo tangu jua linapochomoza. Kisha nikaenda chuo kikuu, nikarudi na miwani, darubini, na tabia ya kusimama porini nikitabasamu peke yangu. Majirani walimpa dada pole.

Mwaka huu nilichukua likizo, nikamwomba tushuke Lindi tukapumzike kando ya bahari. Ni mjane, watoto wake wako mbali, na hakuwahi kusafiri bila sababu.

“Tunamzika nani?” aliuliza.

“Hatumziki mtu, dada. Tunakwenda kutazama ndege.”

“Wa hapa wamekufa?”

Alikubali nilipomwambia kuna samaki wabichi.

Nilikuwa nimekaa kwake siku kadhaa kabla ya safari hiyo. Niliona amepanga vyombo vyake kwa mstari kama dukani, nikasifu usafi wake. Niliona kovu bichi la moto kwenye mkono, akasema ni uji, nikaridhika. Na mimi ndiye mwalimu wa chuo anayeishi kwa kuandika makala za kuwalaumu wenzake kwamba hawaangalii mambo kwa makini.

Tulifikia nyumba ya wageni yenye baraza linalotazama ghuba. Maji yakitoka, tope hubaki wazi mpaka kwenye mikoko, na ndege hushuka kula. Jioni ya kwanza nilimvika dada darubini shingoni, nikamwelekeza kwa yangeyange aliyesimama karibu.

“Umemwona?”

“Namwona. Mweupe.”

“Na wale wadogo wanaokimbia pembeni ya maji? Vitwitwi hao. Wanatoka nchi za baridi, mbali kabisa, wanafuata joto letu.”

“Wana nauli.” Aliizungusha darubini taratibu, kushoto na kulia, kama nilivyomfundisha. “Ungewapenda hivi siku zile, tungelala njaa.”

Nilifurahi kupita kiasi. Nililala nikifikiri nimempata mfuasi.

Asubuhi nilikwenda kununua chapati barabarani, nikamwacha barazani. Niliporudi, maji yalikuwa yamejaa. Tope lote lilikuwa limefunikwa, na ndege walikuwa wameondoka, kama wanavyoondoka kila maji yakijaa. Mbele yetu palikuwa na maji matupu ya kijivu mpaka kwenye mikoko. Dada alikuwa ameweka darubini machoni. Aliposikia viatu vyangu, akaanza kunisimulia.

“Umechelewa, mdogo wangu. Leo wamejaa. Wale weupe, na wale wako wadogo, wanakimbia hao.”

Nilitazama tena, pengine mimi ndiye nisiyeona. Kisha nikaweka chapati mezani.

“Dada, hapo ni maji tu. Hakuna ndege hata mmoja.”

Alishusha darubini, akaifuta kwa kanga ingawa haikuwa chafu.

“Nilitaka ufurahi,” alisema. “Umegharamia.”

Akanieleza, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya ufuta. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto linaona kwa katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Alikwenda Nachingwea waganga wa macho walipopita, majirani akawaambia anakwenda msibani. Wakamwambia ni presha ya macho. Wakampa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Kilichopotea hakirudi.

“Nani anajua?”

“Wewe. Na uishie wewe.”

Mwanawe mkubwa yuko Dar es Salaam, na kwa miaka amekuwa akitafuta sababu ya kumhamishia kwake. Ni kijana mwema. Dada alikuwa anamwogopa kwa sababu ya wema huo.

“Akijua, atanichukua,” alisema. “Nitakaa kwenye kochi lake nisikilize televisheni mpaka nife. Mikorosho atampangisha mtu. Niache kwangu. Nyumba yangu naijua kwa miguu. Korosho naokota kwa mikono, siokoti kwa macho.”

“Na nyoka?”

“Nyoka anawauma hata wenye miwani.”

“Na jiko?” Nilimgusa mkono. “Dada, lile kovu.”

“Uji.”

“Dada.”

Aliuvuta mkono ndani ya kanga. “Kaa la moto lilianguka. Niliinama kulitafuta. Sikujua limeangukia kwenye nguo.”

Kwetu sisi Wamwera, mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mwisho juu ya watoto wa dada, na wakati mwingine juu ya dada mwenyewe, ni la mjomba. Wanafunzi wangu hawanyamazi nikiingia darasani, lakini wapwa zangu, watu wazima wenye ndevu, hawauzi hata mbuzi bila kunipigia. Siku zote nimeona ni heshima ya bure. Dada alijua si ya bure.

“Ukisema nibaki, nitabaki,” alisema. “Hakuna atakayekupinga. Ukisema niende, hakuna atakayenisikiliza mimi.”

Simu yangu ilikuwa mezani, kando ya chapati. Kila asubuhi mpwa wangu wa Dar es Salaam hupiga kumsalimia mama yake, na asubuhi ile alipiga. Niliitazama ikilia. Nilifikiria nyumba ya Mbekenyera, dari ya matete, kaa la moto, na mtu anayepapasa. Nilipokea.

“Shikamoo mjomba. Mama anafurahia bahari?”

Dada alikuwa amenielekezea uso, si macho hasa, sikio. Ningeweza kusema anafurahia.

“Mama yenu haoni,” nilisema. “Ni muda sasa. Njooni mumchukue, kabla ya msimu wa korosho.”

Upande wa pili kijana akaanza kulia na kushukuru kwa pamoja. Nilimjibu nisichokikumbuka. Nilipokata simu, dada alikuwa amekunja kanga yake vizuri na kuiweka mapajani.

“Mwenye macho ameamua,” alisema.

Tangu tufike, alikuwa ametembea peke yake kutoka barazani mpaka chumbani, vidato vile vya saruji, kona ile, bila kujikwaa hata mara moja, alikuwa ameshavikariri. Sasa alisimama na hakusogeza mguu. Alinyoosha mkono hewani, upande ambao sikuwepo, akauacha hapo ukisubiri.

“Nishike, basi,” alisema. “Mimi ni kipofu.”