Pipa la Kapya Siku ya Salongo

Salongo, wananchi walitangaziwa, ni kazi ya hiari. Kila Jumamosi asubuhi raia wa Zaire hushika jembe na fagio kwa furaha, wala hakuna aliyewahi kulazimishwa.

Basi Jumamosi moja ya mwaka 1975 Lubumbashi nzima ilikuwa ikifagia kwa furaha, isipokuwa watu wawili waliojifungia katika chumba nyuma ya wodi ya hospitali. Mmoja alikuwa Kapya wa mtaa wa Makomeno, mwaka wa tano katika masomo ya uzamivu ya uhandisi wa tiba. Tasnifu yake ilikuwa figo ya mashine: pipa la mbao lililolazwa, limezungushiwa utumbo wa selofeni wa kutengenezea soseji, nusu yake ndani ya beseni la maji vuguvugu ya chumvi na sukari. Damu ya mgonjwa hupitia mipira myembamba hadi katika utumbo ule, huacha sumu yake majini, ikarudi mwilini. Mbuzi wanne walikuwa wameifia sayansi. Wa tano alipona, akaliwa kwenye sherehe ya kupona kwake.

Wa pili alikuwa Zabibu, muuza samaki wakavu wa Pweto pale sokoni Naviundu, ambaye figo zake zilikuwa zimegoma baada ya homa. Alilala kando ya pipa, damu yake ikizunguka, zikiwa zimebaki saa mbili kazi ikamilike. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, kwa hiyo Kapya alilizungusha pipa kwa mkono. Likisimama, damu itaganda, na Zabibu ataondoka nayo.

Mlango ulivunjwa kwa teke. Wakaingia vijana watatu wa chama tawala na fimbo zao, wakiongozwa na Kabwe, mkuu wa brigedi. Pipa, mipira, mvuke: mtaani kwao kitu chenye sura ile kilikuwa kimoja tu, mtambo wa pombe haramu.

“Citoyen! Mwananchi! Bantu bote beko ku Salongo, weye uko unapika lutuku?”

“Hapana lutuku. Hii iko damu ya huyu mama.”

“Lutuku nyekundu!” Kabwe aliwaambia wenzake, wakacheka. “Simama!”

“Nikisimama, atakufa.”

Fimbo ya kwanza ilitua mgongoni, ya pili kichwani. Damu ikamwingia Kapya jichoni. Mkono ukaendelea kuzungusha. Kabwe, ambaye hakuzoea kudharauliwa na mkono, aliushushia fimbo kwa nguvu zake zote. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Kapya akapiga yowe, akabadilisha mkono. Mmoja akamkanyaga mbavu. Mwingine akachomoa mpira ili mkuu aonje. Damu ikaruka, ikampiga Kabwe usoni, ikamjaa mdomoni.

Akatema. Haikuwa pombe.

“Mutoto yangu,” Zabibu alisema taratibu kutoka kitandani, “ile unatema njo miye.”

Kapya alikuwa ameubana mpira kwa meno. Akaurudisha mahali pake, kisha akamwonyesha Kabwe mpini. “Zungusha. Polepole.”

Kabwe alizungusha kwa saa mbili. Vijana wake walifuta sakafu.

Siku ya nne Zabibu alikojoa, na tarehe hiyo imo katika tasnifu. Mwezi uliofuata alikuwa sokoni, akigombana na wateja.

Jumatatu iliyofuata kipigo kile, lilipita daftari la mahudhurio ya Salongo. Mbele ya jina la Kapya, Kabwe alikuwa ameandika: amehudhuria, kwa hiari. Kapya alitia saini kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa kwenye plasta.