Mpigo wa Ukutani

Kila mahojiano lazima niulizwe ile "ko" ya nyimbo zetu za kwanza ni ala gani. Mtangazaji mmoja aliapa ni kibao cha mti mgumu; mwingine, mjuaji zaidi, akasema ni kompyuta. Huwa nawaacha wabishane. Leo nitasema, kwa sababu nimechoka kuona watu wakiipigia makofi.

Ulikuwa ukuta.

Bendi yetu ilikuwa ya watu watatu, haina meneja wala kampuni. Mimi nilitunga na kupiga gitaa, mdogo wangu wa kiume alipiga ngoma, na mwimbaji alikuwa rafiki yangu tuliyemwita Chiriku, maana akishaamka asubuhi mdomo haufungwi hadi alale. Studio hatukuwa na uwezo nayo. Shemeji yangu, mume wa dada, aliuza magodoro, akaturuhusu kurekodi kwenye ghala lake akishafunga duka. Aliyewahi kuimba bafuni anajua sauti inavyorukaruka. Katikati ya magodoro inatulia, inakuja kukaa karibu na sikio. Juu ya ghala kulikuwa na ghorofa moja tu, na humo aliishi mama yake Chiriku, fundi cherehani aliyestaafishwa na magoti.

Ukuta wa nyuma ulikuwa unagonga. Ko. Kimya. Ko. Tulipousikia mara ya kwanza kwenye kinasa sauti tulikasirika, tukadhani ni bomba la maji. Kisha mdogo wangu akaanza kuufuata kwa fimbo zake, na wimbo uliokuwa umelala ukaamka. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yetu: tunakaa juu ya magodoro, tunanyamaza, tunasubiri ukuta utupe mwendo, halafu natunga juu yake. Wimbo wa kwanza ulitoka wa taratibu, wa kubembelezea mtoto. Wa pili ukachangamka. Wa tatu watu waliucheza mpaka viatu vikalia.

Tulipofika wa tano nilimgombeza mdogo wangu. Nilimwambia anakimbiza, Chiriku anakosa pa kuvuta pumzi, na kwamba ngoma si mashindano ya baiskeli. Yeye si mtu wa maneno mengi. Aliweka wimbo wa kwanza, akaurudia, kisha akaweka wa tano, huku akihesabu kwa kidole gotini.

"Mimi sikimbizi, dada," alisema. "Ukuta ndio unaokimbia."

Tulivuta magodoro pembeni, na nyuma yake tukakuta ufa ulioanzia sakafuni ukapanda hadi darini. Vidole vyangu viliingia hadi kwenye vifundo, na nilipokuwa bado nimevitumbukiza humo ukuta ukagonga. Nilivichomoa kama niliyeshika moto.

Tulipanda juu sote watatu. Mama alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, hakuinua macho mpaka uzi ukapita. Alitusikiliza vizuri, tena kwa upole, kisha akasema nyumba imezeeka, inakohoa kama yeye, na yeye akikohoa hakuna anayemkimbiza nje. Chiriku alimbembeleza, akalia, akatishia kumbeba. Magoti yale, alijibiwa, hayashuki ngazi kwa ajili ya maneno ya wapiga gitaa.

"Nimehama vya kutosha, mwanangu. Nikihama hapa nahamia kaburini."

Akacheka peke yake.

Shemeji nilipomweleza hakubisha hata kidogo. Kesho yake magodoro yote yalikuwa yamepakiwa na kuondoka. Godoro halina ukaidi, nilimwambia Chiriku, nikidhani namchangamsha, na aliniangalia kwa namna ambayo ilinifanya nijute kuwa na ulimi.

Tukaenda kwa mwenye nyumba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi huyu bwana aliuziba, kwa lipu nyembamba na rangi ya krimu, na ukuta ukanyamaza. Mama akaona ameshinda kesi. Alimtuma binti yake aje kuniambia kwamba sisi watunzi tunaanza matanga kabla ya maiti. Chiriku, ambaye kwa woga wa kumwacha mama yake peke yake alikuwa amehamia kulala kwake, akaanza tena kupata usingizi, na ule mdomo wake ukarudi kazini. Mimi pia, nisidanganye, nilitamani kuamini. Mdogo wangu peke yake ndiye aliyekwenda kuweka kiganja kwenye ile rangi mpya, akakaa hapo muda mrefu, akarudi amekunja uso.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," aliniambia.

Nilimwuliza tufanye nini zaidi. Mama alikuwa mtu mzima mwenye akili zake, na mlango wa kwake alikuwa akiufunga kwa komeo kila alipotusikia kwenye ngazi. Tulikwenda ofisi ya majengo, tukaambiwa mkaguzi yuko safarini, akirudi atapita.

Wimbo wa sita tuliurekodi mchana, chumbani kwangu, mablanketi yametundikwa madirishani. Ni wa kwanza usio na ukuta. Simu tulizizima, kama anavyofanya yeyote anayerekodi. Chiriku alikuja na furaha zake. Asubuhi ile mama yake alikuwa amemtania kuhusu mwanamume fulani, na kila akikumbuka alikuwa anacheka upya. Aliimba mara moja tu, bila kukosea. Kwenye kiitikio unasikia kabisa kwamba anatabasamu. Tukausikiliza, tukakumbatiana, naye akawasha simu.

Watu husema huo ndio wimbo wetu bora kuliko zote, na huandika kulalamika kwamba hatuupigi jukwaani. Chiriku hajausikiliza tena tangu siku hiyo. Nyumba ilianguka mchana huohuo, na mama alikuwa ndani. Majirani walitutajia wakati ulipotokea mshindo, na mdogo wangu amepiga hesabu mara nyingi akitafuta jibu jingine, lakini kila mara anapata lilelile: Chiriku alikuwa kwenye kiitikio.