Bi Poda Apanda Jabali

Saluni nzima ilimwita Bi Poda, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kupamba maharusi, na brashi zake alizienzi kuliko dhahabu. Siku mumewe alipoichukua mojawapo kufutia miwani, alinuniwa wiki nzima.

Asubuhi moja wifi yake aliingia mbio, anahema. Huyu alikuwa mtunza mimea wa hifadhi ya mlimani, na huko juu kulikuwa na ua la zambarau lisiloota mahali pengine popote. Moto ulikuwa umebakiza vichaka viwili tu, bonde katikati, na nyuki wa kuvuka hawakuwepo. Chavua ya kichaka kimoja isipofika kwa mwenzake, hakuna mbegu.

"Wifi, yamechanua! Niazime brashi yako laini kuliko zote. Zetu zinachana petali."

"Brashi yangu haitoki bila mimi."

"Basi twende!"

"Twende!" alijibu Bi Poda, na hapo ndipo akakumbuka kwamba hata kupanda juu ya stuli humtia kizunguzungu.

Walipanda. Kila alipotazama chini alishikwa na kwikwi, na kila kwikwi iliwachekesha mpaka wakaketi njiani. Penye jabali walitambaa. Kwenye kichaka cha kwanza alilala kifudifudi, akachota chavua kwa ncha ya brashi, akaitia kichupani. Wakateremka bondeni, wakapanda ng'ambo, akaanza kugusa ua moja moja.

"Tulia mwanangu, usipepese macho."

"Unaongea na nani?" wifi akauliza.

"Na bi harusi. Hana kope, kazi rahisi."

Wifi alicheka akijishika mbavu. Ghafla Bi Poda akapiga chafya. Chavua ikaruka, ikatua puani kwa wifi, manjano tupu.

"Haya, na wewe leo umeolewa!"

Wiki kadhaa zikapita. Kisha siku moja, Bi Poda akimpaka bi harusi rangi ya mdomo, simu ililia. Akaibonyeza spika kwa kidole kidogo.

"Wifi! Wameshika mimba! Wote!"

Mkono uliteleza, rangi ikafika sikioni. Mama wa bi harusi akasimama wima.

"Nani ameshika mimba?"

"Maua!" Bi Poda alipiga kelele, anarukaruka.

"Maua yupi? Huyu binti wa shangazi yake?"

Bi harusi aliangua kicheko mpaka machozi yakaosha poda yote, ikabidi aanzwe upya.

Mbegu zilijaa kiganja. Wifi alizisia kitaluni, zikachipua, na mvua zilipokolea wakaipeleka miche mlimani pamoja. Bi Poda alishindilia udongo kwenye mche wa mwisho, akakaa kitako topeni na sketi yake nzuri, akakataa katakata kushuka.

"Ngoja kwanza," alisema. "Niwatazame."