Vidonge vya Maganzo

Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo mambo ya sheria nayaandika nilivyoyaona, si jinsi mwanasheria angeyaandika. Nikikosea, nimekosea.

Mwaka jana nilikwenda Geita kumhudumia binti yangu aliyejifungua. Siku ya kurudi Didia, mume wake akasema atanipeleka mwenyewe kwa gari analoendesha, pikapu ya viti viwili vya mbele na benchi la nyuma, ya kupelekea mizigo machimboni. Nikakaa nyuma. Kwetu Wasukuma, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni wala hawaongei ovyo ovyo. Siku hizi wapo wasiojali. Mkwe wangu anajali, na mimi najali. Safari nzima tuliongea labda mara tatu, kila mmoja akiangalia upande wake.

Maganzo akasimama kununua maji. Mgongo ulikuwa unamsumbua tangu aangukiwe na kiroba cha mawe ya dhahabu. Nikamwona anatoa vidonge mfukoni mwa shati, anameza. Nilivijua. Ni vya maumivu makali, vile ambavyo duka la dawa halitakiwi kuuza bila cheti cha daktari, na machimboni watu wanavitumia hata wasioumwa. Nilitaka kusema kitu. Mama yangu mzazi angeliambia kapu, "Wewe kapu, dereva anakunywa nini hicho?" na ujumbe ungefika bila mtu kuvunjiwa heshima. Kapu lilikuwa miguuni pangu. Sikusema.

Tulipokaribia Ibadakuli gari likatoka kwenye lami, akalirudisha. Likatoka tena. Mara hiyo ya pili mwenye baiskeli ya mkaa aliiachia baiskeli akarukia mtaroni. Hakuumia, ila alikuwa ameponea chupuchupu, na hilo nisilipunguze kwa sababu dereva ni wa kwangu.

Mbele kidogo trafiki akatusimamisha. Lafudhi yake si ya huku, alikuwa mtu wa pwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akampulizisha mkwe wangu kwenye kipimo cha pombe. Sifuri. Bodaboda waliokuwa kijiweni wakaanza.

"Afande, huyo hajalewa, huyo kalala!"

"Mpe soda, sukari imeshuka!"

"Soda kanywe wewe! Mwenye mkaa nusura tumzike!"

Trafiki hakucheka. Alikuwa amesimama dirishani kwangu kabisa. "Nitazame," akamwambia mkwe wangu. Kumtazama yeye ilikuwa kunitazama mimi. Mkwe akatazama viatu vyake.

"Unanificha macho?"

Mkwe akazidi kuinama.

"Haya, tembea hapa kwenye mstari, kisigino kiguse vidole, hatua tisa. Halafu usimame kwa mguu mmoja."

"Sifanyi hivyo hapa."

Trafiki akaandika. Mimi nikachelewa kuelewa. Mwanaume atasimamaje kwa mguu mmoja kama korongo mbele ya mama mkwe? Nikashuka, nikaenda nyuma ya gari nikageukia shamba la pamba. Hapo ndipo nikasikia, "Haya, natembea." Kilichofuata nilikisikia tu: "Angalia mstari, kaka. Angalia. Usinishike." Kisha trafiki akamwambia mwenzake kwamba mboni za macho zimesinyaa kama tundu la sindano.

Kituoni wakamchukua kwenda hospitali, akatoa mkojo na damu. Binti yangu aliniambia baadaye kwamba vichupa vilifungwa kwa lakiri mbele ya mume wake, akatia sahihi kwenye karatasi iliyobandikwa, vikapelekwa kwa mkemia wa serikali Mwanza. Kwenye maelezo yangu polisi waliniuliza habari ya kutembea. Nikasema sikuona. Ya vidonge hawakuuliza.

Majibu yalipokuja, dawa ilikuwemo mwilini. Mkwe akasema alikunywa siku moja kabla na ilikuwa imeshaisha nguvu. Kesi ikabaki hapo: alikunywa lini?

Kabla ya siku yangu ya ushahidi binti yangu akaja Didia na mtoto.

"Mama, ya Maganzo usiseme."

"Wakiniuliza?"

"Hawatauliza. Na useme alitembea vizuri."

"Nilikuwa nimegeuka."

"Nani anajua kama uligeuka?"

"Mimi."

"Leseni ikienda, huyu anakula nini?" Akanionyesha mtoto. Nikampokea mtoto.

Mahakamani nilikuwa shahidi wa upande wa mkwe wangu. Nikamweleza hakimu kwamba kuinamisha macho na kukataa kutembea ni heshima kwangu, si hatia. Hakimu akaandika taratibu. Kisha mwendesha mashtaka akasimama.

"Mama, njiani mlisimama wapi?"

"Maganzo."

"Akafanya nini?"

"Akanunua maji."

Ningeweza kuishia hapo, na lisingekuwa neno la uongo.

"Ya nini?"

"Akamezea vidonge."

"Vingapi?"

"Viwili."

Sikumtazama mtu. Hakimu akamtia hatiani kwa kuendesha akiwa ametumia dawa inayompunguzia uwezo. Faini, na leseni kusimamishwa mwaka mmoja. Kifungo hapana. Alisema la macho hakulihesabu dhidi yake, na hapo nilifurahi, siwezi kuficha. Trafiki naye sina la kumlaumu. Aliona gari linayumba na mtu asiyetaka kumtazama, angeandika nini kingine?

Lakini ile "viwili" haikuniacha. Nilikuwa nimeapa, na sikuwa na hakika. Nilitaja viwili kwa sababu ndiyo namba iliyokuja, au kwa sababu ilikuwa ndogo. Hata sasa sijui ipi.

Nje ya mahakama mkwe akasimama kando yangu, uso ameuelekeza barabarani, akamwambia mke wake kwa sauti ya kunifikia:

"Mwambie mama vilikuwa vitatu."

Binti yangu hakuniambia. Alimfunga mtoto mgongoni, akatangulia stendi.