Pampu Nje ya Dirisha

Ukimbusu binti yangu ulibaki na chumvi mdomoni. Nilisema hivyo zahanati tangu akiwa mchanga, wakaniambia nimwogeshe vizuri. Mimi niliyefika kidato cha nne, nifundishwe kuogesha mtoto! Wakaendelea kumdunga sindano za nimonia mpaka vijidudu vya mapafuni vikazizoea.

Daktari wa hospitali ya misheni ndiye wa kwanza kuniamini. Alisema ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, makamasi mazito huziba mapafu, na hauponi. Sindano zikishindwa, dawa ivutwe kwa pumzi, ifike penyewe. Akanipa chombo cha kioo kinachogeuza dawa kuwa ukungu, kifuniko cha pua na mdomo, na pampu ya miguu, maana kwetu Nyamache umeme tuliusikia tu.

Mtoto alipigana na kile kifuniko. Kumshika kulimaliza mikono yangu yote miwili, basi nani akanyage pampu? Mume wangu alikuwa Kericho, mashamba ya chai. Wifi zangu walidai ni kifua kikuu, hawakaribii. "Leo mnajaza tairi gani humo ndani?" walinicheka wakipita. Aliyejitolea ni baba mkwe. Lakini kwetu Wakisii mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata kuchungulia ni aibu. Ndiyo chinsoni hiyo. Na tungempeleka kwa mama mkwe, moshi wa kuni ungemkaba mtoto.

Basi mzee akaunga mrija mrefu wa mpira, akaupitisha dirishani, akakanyaga pampu huko nje kwenye migomba.

"Nimejaza baiskeli za kijiji kizima," alisema, "mjukuu ndiyo mara ya kwanza."

"Usinipasue, Babu!"

Mtoto akacheka, akakohoa hadi akalia.

Mrija ulikuwa mrefu mno. Upepo ulifika umechoka, dawa ikabaki chini ya kioo. Nilimwambia. Akasema atakanyaga kwa nguvu zaidi.

Masika yakaja. Siku moja midomo ya mtoto ikawa rangi ya majivu.

"Baba, ingia!" nikamwita mzee kupitia dirishani.

"Mama, unajua siwezi."

"Basi chinsoni ndiyo itamzika?"

Mke wa Kikisii hamwambii baba mkwe hivyo. Nikaburuta kitanda hadi mlangoni, nikaukata mrija kwa kisu. Akaja na pampu kwenye kizingiti, akaiunga na kipande kifupi, akageuza mgongo ili asione ndani, akakanyaga huku mvua ikimpiga usoni. Ukungu ukatoka mzito. Mtoto akavuta.

Tukaendelea hivyo kila siku, mgongo wake mlangoni. Lakini mapafu yalikuwa yameshaliwa. Alikufa kabla wimbi halijavunwa.

Kanisani waliniambia ni mapenzi ya Mungu. Mapenzi gani? Ule mlango ulikuwepo tangu siku ya kwanza.

Kipande cha mrija nilichokikata bado kinaning'inia dirishani. Mzee akipita hukitazama, kisha huniamkia. Siitikii.