Mfuko wa Kulalia wa Safari ya Barafuni

Nisameheni kwanza kwa mwandiko huu, umelala kama mpunga uliopigwa na mvua, na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia shule ya msingi. Naandika polepole hapa dunguni, huku nikifukuza ndege shambani.

Mgeni mmoja wa Ulaya alikuja kuona viboko, nikamchukua kwa mtumbwi wetu kutoka Golbanti. Mimi si mtu wa maneno. Siku nzima nilimwambia tu, "Kaa katikati." Labda hilo ndilo lililompendeza, maana alipofika kwao alinipigia simu. Yeye na wenzake wangeshuka mto wa kwao kwa mitumbwi, kutoka kwenye barafu ya milimani hadi baharini. Walitaka niende nao. Nauli wangelipa wao, vifaa vya baridi nitafute mwenyewe.

"Cha kwanza mfuko wa kulalia," alisema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Bila mfuko, hapana mtumbwi. Usiku huku unaua."

Mimi mbali nilikowahi kufika ni Malindi. Niliitaka safari ile mpaka nikaona haya kuitaja.

Vifaa vipya hatungeviweza hata tungeuza shamba. Viatu vizito nilibadilishana na mfugaji kwa mkungu wa ndizi. Mtungi wa mafuta ya kupikia, wenye mdomo mpana, ndio ungekuwa mkoba wangu usioingia maji. Mfuko niliupata Garsen siku ya soko, chini ya rundo la mapazia ya mitumba.

Mama muuzaji alicheka hadi akashika mbavu. "Kijana, uingie humu kwa jua hili? Utaiva kabla ya ugali!"

"Ni wa safari."

"Safari gani, ya kaburini? Haya, chukua. Ndani ni manyoya ya bata. Hapa hata panya wameshauchoka."

Nilimtumia mgeni picha. Alijibu kwamba ni mzuri kuliko wake. Jioni ile nililala ndani yake, nikatoka jasho, nikafurahi.

Lakini ulinuka panya. Mama yangu alisema, "Mwanangu hatakwenda ugenini akinuka." Kwetu hakuna mawe, nguo tunazipiga kwenye ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa. Tuliuloweka, tukaupiga, tukaukamua kwa kuuvuta huku na huku. Ulipokauka, manyoya yalikuwa yameshikana mabonge kama uji uliokorogwa vibaya. Mgeni alikuwa ameniambia nikikwama niulize. Niliona haya, na mama alikuwa na hakika.

"Si kama sufi tu?" alisema. "Godoro likishikana hufumuliwa, likaanikwa, likachapwa fimbo. Wewe umezaliwa ukanikuta nafanya hivyo."

Akafumua mishono. Tukamwaga manyoya kwenye mkeka, tukachapa. Kweli yalianza kuumuka, yakawa mengi, meupe. Mama akanitazama kwa maringo. "Umeona?"

Ndipo upepo wa alasiri ukaja. Sufi ingeanguka hapo karibu. Manyoya hayakuanguka. Yalipita juu ya mahindi, mengine yakatua mtoni, yakaenda na maji. Nilikimbia na kanga ya mama nikiyakinga, nikapata yasiyojaza hata mto wa kichwa. Mama alikuwa amelalia mkeka kifudifudi, akizuia yaliyobaki.

"Tuna kuku," alisema baadaye. Hatukucheka.

Tuliujaza sufi ya godoro lake, tukaushona. Nilimtumia mgeni picha na kumweleza yote. Alijibu kwa upole: sufi haitatosha kwa baridi ya kwao, na hawana mfuko wa ziada. Kila siku ya soko nilirudi Garsen, nikapekua marundo, nikakuta mablanketi tu. Mwishowe nafasi yangu ilipewa mtu mwingine. Sijaitwa tena, na sioni wa kuniita.

Mfuko ndio godoro langu hapa dunguni. Mama bado analala juu ya mkeka. Namwambia achukue sufi yake, anakataa, anasema huenda wakabadilisha nia.

Ukisoma hapa, niandikie. Sikuombi mfuko. Kama umewahi kulala penye barafu, nieleze tu baridi ile ikoje, inaanzia miguuni au wapi. Nitasoma polepole, lakini nitajibu.